Diski Nyuma ya Picha ya Laxmi

Kompyuta ya Mzee Harilal ilikataa watu wote asubuhi ambayo haikutakiwa kukataa mtu hata mmoja. Ilikuwa asubuhi ya kufungua duka baada ya Diwali. Wahindi wa Kariakoo wakishamaliza sikukuu yao hufunga maduka siku kadhaa, kisha wanafungua kwa saa iliyochaguliwa, na mteja wa kwanza wa mwaka haondoki mikono mitupu hata iweje. Wanaamini anavyoondoka yeye ndivyo mwaka mzima utakavyokwenda. Na mteja wa kwanza alishafika. Alikuwa mama mmoja wa Songea, Candida, mfanyabiashara wa khanga na vitenge, amekaa kwenye benchi na macho mekundu ya kulala ndani ya basi. Anataka mzigo wake, arudi kwake.

"Jaribu tena," Mzee Harilal alisema.

Benedikta, keshia, alijaribu tena. Aliandika jina lake, akaandika neno lake la siri, akabonyeza. Kompyuta ikamjibu kuwa neno si sahihi.

"Labda umekosea."

"Mzee, neno langu ni lile lile tangu nianze kazi. Mbaruku naye amekataliwa. Na wewe mwenyewe umekataliwa."

Kweli, alikuwa amekataliwa. Mtu amejenga duka Mtaa wa Narung'ombe tangu enzi za foleni za sabuni, amehangaika mpaka ruksa ikaingia na bidhaa zikajaa, halafu mashine yake mwenyewe inamwambia haimjui! Mzee Harilal alivua miwani akaifuta kwa shati. Alikuwa na alama nyekundu ya sala kwenye paji la uso, na kompyuta nayo ilikuwa na alama kama hiyo juu ya kioo, maana waliiombea sikukuu.

Keyur, mtoto wake wa kiume, alikuwa kando ya rafu ya mashuka anatafuna kucha. Mbaruku, mtunza stoo, aliyeanza kazi hapo masharubu ya mzee yakiwa meusi tii, ndiye aliyemwona kwanza.

"Keyur, unaumwa?"

"Papa," Keyur alisema kwa sauti ndogo, "nadhani ni mimi."

Zamani, kabla ya kompyuta, usiku wa Diwali familia ilikuwa inaweka madaftari mapya mbele ya picha ya Laxmi, mungu wao wa mali. Ukurasa wa kwanza ulikuwa unaandikwa maneno mawili, Shubh Labh, maana yake heri na faida, ndipo hesabu za mwaka zianze. Tangu VAT ilipoingia na kompyuta ikanunuliwa, madaftari yalikwisha. Mwaka huu Keyur alimwonea baba yake huruma, akaona mzee anaomba mbele ya mashine isiyo na ukurasa wa kwanza. Basi wengine walipokuwa wanagawa penda, vile vitamu vyao vya maziwa, na kulipua fataki nje, yeye aliingia kwenye kompyuta kwa mlango wa nyuma, akafungua droo inayotunza maneno ya siri ya watu wote, akayafuta, na mahali pake akaandika Shubhlabh. Kwa kila mtu, neno hilo hilo moja. Alitaka duka zima liingie mwaka mpya kwa neno la baraka. Alikuwa amepanga kuwashtukiza asubuhi hii.

"Sasa si tuandike hilo neno lako la baraka," Benedikta alisema.

"Nimeshaandika. Linakataa."

Loo! Hata kumgombeza mtu wa namna hiyo unaanzia wapi?

Walimwita fundi kutoka Posta, kijana mwenye tai, na yeye alikuwa mkweli. Alihangaika mpaka shati likamganda mgongoni, akainuka. "Mzee, aliyeandika programu hii yuko wapi?"

"Alihamia Leicester, Uingereza."

"Basi mimi sina ufunguo wake. Naweza kufuta yote niwawekee nyingine, lakini kila kilichomo kitapotea. Madeni, stoo, pesa mlizotangulizwa na wateja. Labda kama mna nakala. Nani alikuwa anatunza nakala hapa?"

Benedikta aliangalia kucha zake. Mama Daksha, mke wa mzee, aliyekuja na sahani ya penda za kufungulia mwaka, aliirekebisha sahani ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Wote walimjua aliyekuwa anatunza nakala. Alikuwa binti wa nyumba hiyo, na jina lake lilikuwa halitajwi.

Candida aliinuka kwenye benchi. "Samahani jamani. Pesa yangu ya mwezi uliopita imo humo ndani? Maana kama imo humo na humo hakufunguki, mniambie mapema nijue ninalia wapi."

Duka la pili tu kutoka hapo lilikuwa wazi, na kijana wake alishasimama mlangoni anatabasamu.

"Mzee..." Mbaruku alianza.

"Lete fundi," Mzee Harilal alimkatiza, macho yakiwa juu kwenye feni. "Fundi yeyote anayeijua. Usiniambie nani. Lete."

Mbaruku alivaa kofia yake akatoka.


Rinkal alikuwa sokoni Mchikichini, amekaa kwenye kigoda na beseni la maji ya sabuni miguuni, anasugua viatu vya mitumba kwa mswaki. Mume wake, Ramadhan, alikuwa anavipanga juu ya turubai na kuita wateja. Siku ya nikaha Rinkal alipewa jina la Sitara, lakini hakuna aliyelitumia zaidi ya shehe aliyelitoa. Mtaani ni Mama Badria, na wenye mdomo wanamwita Mhindi wa Rama. Mwanzoni watu walikuwa wanakuja kusimama kumtazama Mhindi anaosha viatu vya mitumba. Sasa walishazoea, wanambania bei kama wanavyombania mwingine yeyote.

Mtoto wao, Badria, anayetambaa na kusimama kwa kushika vitu, alikuwa juu ya khanga anapigana na kamba ya kiatu.

"Shikamoo Mzee Mbaruku!" Rinkal aliinuka na mikono inachuruzika. "Vipi, kuna msiba?"

"Marahaba mwanangu. Hakuna msiba. Kompyuta imefunga milango, hakuna anayeingia. Keyur kaandika maneno ya sala kwenye droo ya siri."

Rinkal alitaka kucheka, akajizuia. "Kaandika moja kwa moja? Kwa mkono?"

"Mimi najua basi? Wewe ndiye unayejua. Twende."

Ramadhan aliweka chini kiatu alichokuwa amekishika. "Subiri kwanza, mzee wangu. Nani kasema aende?"

"Mzee Harilal."

"Kasema, mwiteni Rinkal?"

Mbaruku alikuwa mtu wa swala tano, uongo ulikuwa unamkwama kooni. "Kasema nilete fundi yeyote anayeijua."

"Umesikia, Mama Badria? Fundi yeyote." Ramadhan alicheka cheko la hasira. "Siku ya nikaha yetu hawakuja. Umejifungua, mama yako hakutuma hata mtu wa kuuliza kama mtoto ana macho mawili. Leo mashine imewakataa ndiyo wamekumbuka una mikono. Hawakuiti wewe hao. Wanaiita kazi yako."

"Rama, najua."

"Kama unajua, kaa."

Rinkal alikaa kweli, akachukua mswaki, akasugua kisigino kilichokwisha kutakata. Wateja walipita. Ramadhan alimwangalia kwa pembeni na moyo ukamwuma, maana alimjua. Kitu alichokuwa anakitaka mkewe kilikuwa kimoja tu, na hakikuwa urithi wala pesa. Alitaka aambiwe "karibu tena." Neno hilo tu, kutoka kwa baba yake au mama yake, hata kama ni kwa kunong'ona. Kila Diwali alikuwa anakaa kimya siku nzima akisikia fataki za upande wa Upanga, na ukimwuliza anasema kichwa kinamwuma.

"Hawajawahi kumwona mtoto," Rinkal alisema. "Wakimwona, Rama. Mami akimwona huyu... Mtu anaweza kumkataa binti yake. Lakini huyu kawakosea nini?"

"Na wasipokwambia kitu?"

"Nitarudi nisugue viatu. Nitakuwa nimepungukiwa nini?"

Atapungukiwa mengi, Ramadhan alijua. Alipekua rundo lake akatoa viatu vya kike vyeusi, ngozi halisi, alivyoviweka pembeni kwa mteja wa benki. Akavifuta kwa shati lake.

"Vaa hivi. Usiende kwao na kandambili wakafikiri nakulaza njaa."

Wakati wa kuondoka alimbusu mtoto, akageuka haraka kuwaita wateja. Sauti yake siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya wauzaji wote.


Wafanyakazi walimpokea Rinkal kwa furaha mpaka wakajisahau. Wapakuzi waliacha marobota wakaja kumshika mkono, mmoja akamnyang'anya mtoto akamrusha juu. Benedikta, ambaye ndiye aliyepewa kiti chake, aliinuka na kukifuta kwa kiganja kabla ya kumwachia.

Rinkal hakukaa. Alikwenda moja kwa moja alipokuwa baba yake, akainama kumgusa miguu, kama alivyofundishwa tangu hajui kusema.

Mzee Harilal alivuta miguu yake chini ya kiti.

"Jai Shri Krishna, Papa," Rinkal alisema kwa Kigujarati, bado ameinama. "Heri ya mwaka mpya."

"Kompyuta ile pale," mzee alijibu kwa Kiswahili. "Mteja anasubiri."

Rinkal aliinuka polepole. Tangu azaliwe baba yake hakuwahi kusema naye Kiswahili. Kiswahili kilikuwa cha wapakuzi, cha wateja, cha polisi wa barabarani. Alimtafuta mama yake kwa macho, na Mama Daksha akainamia sahani yake ya penda.

Basi akakaa kwenye kiti, akafanya kazi. Skrini ilikuwa nyeusi yenye maandishi meupe, na Keyur alikuwa amesimama nyuma yake kama mtu anayesubiri fimbo.

"Ulifikiria nini, bhai?" alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Nilitaka kumfurahisha Papa."

"Sikiliza. Hii programu hailiweki neno lako kama lilivyo. Kwanza inalisaga, kama mahindi mashineni. Inachotunza ni unga. Ukija asubuhi ukaandika neno lako, inalisaga tena, inalinganisha unga na unga. Wewe umekwenda kumwaga mahindi mazima kwenye debe la unga. Sasa kila mtu akija na unga wake inaangalia, haifanani, inamfukuza."

"Kwa hiyo tuyasage hayo mahindi?"

"Anayejua kinu chake yuko Leicester. Cha kufanya ni kuirudisha droo ya zamani nzima nzima, kama ilivyokuwa. Mmetunza nakala?"

Keyur alitikisa kichwa. "Tangu uondoke hakuna aliyefanya."

"Ya kwangu ya mwisho ipo?"

"Sijui ulikuwa unaiweka wapi."

Rinkal aliinuka. Alikuwa anaiweka mahali pekee katika duka lile ambapo hakuna mpakuzi aliyepagusa, pasipo na vumbi wala panya. Ilikuwa kwenye kikabati cha sala ukutani, nyuma ya picha ya Laxmi. Alikwenda mpaka pale, ubani bado unafuka, maua ya sikukuu yameanza kunyauka, akanyoosha mkono.

"Usiguse!"

Ilikuwa sauti ya mama yake. Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu alipoondoka kwao. Mkono wa Rinkal ulibaki hewani.

"Mami, ni diski tu. Iko nyuma ya—"

"Najua iko nyuma. Wewe usiguse. Wewe sasa..." Mama Daksha alishindwa kumalizia. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini alikuja akasimama kati ya binti yake na kikabati. "Nitaitoa mimi."

Rinkal alirudi nyuma hatua moja, akaishika mikono yake pamoja mbele, kama wafanyakazi wa kike wanavyosimama wakisubiri kutumwa. Mama Daksha alivua viatu, akagusa picha, akagusa paji la uso wake, akaingiza vidole nyuma. Diski ilitoka, nyeusi, na masizi ya ubani pembeni. Hakumpa Rinkal mkononi. Aliiweka mezani, na Rinkal akaichukua mezani.

Candida wa Songea, ambaye hakuelewa Kigujarati hata chembe, alielewa. "Makubwa," alisema taratibu, akajifunika vizuri khanga yake.


Mtoto ndiye aliyeharibu mpangilio wa watu wazima. Badria alichoka kurushwa na wapakuzi, akawekwa chini, akatambaa kwenye sakafu ya duka akipita katikati ya marobota mpaka akafika kwenye sari ya bluu. Akaishika, akajivuta, akasimama. Akamwangalia mwenye sari. Kisha akanyoosha mikono yote miwili abebwe.

Mama Daksha alimwangalia mume wake. Mzee Harilal alikuwa ameshika gazeti, na gazeti lilikuwa halifunuliwi. Akamwangalia mtoto. Mtoto akapiga kelele ya kudai haki yake. Bibi akamwinua.

Rinkal hakugeuka, lakini alisikia. Alimsikia mama yake akimwimbia mtoto kwa pua, polepole, kile kibembelezo cha Kigujarati alichombembelezea yeye na Keyur. Alisikia karatasi ya penda inafunguliwa. Alikosea amri aliyokuwa anaiandika, ikabidi aifute aanze upya. Alijiambia, taratibu, Rinkal, usifurahi bado, maliza kazi.

"Anaitwa nani?" Mama Daksha aliuliza, akimwuliza Mbaruku.

"Badria, mama."

"Badria," alisema, akijaribu jina hilo mdomoni. "Pua yake ya Keyur hii."

Keyur akacheka, na Benedikta akacheka, hata wapakuzi wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mtu kucheka ndani ya duka. Mzee Harilal alishusha gazeti kidogo, akamtazama mtoto juu ya miwani, akalipandisha tena.

Diski ilisomwa kwa kukwaruza. Rinkal aliondoa droo aliyoivuruga Keyur, akaiweka ile ya zamani mahali pake. Kisha akafungua programu kama mtu mwingine yeyote. Ikamwuliza jina. Akaandika jina lake, maana neno la siri alilokuwa na haki nalo ni lake tu. Programu ikafunguka, madeni, stoo, wateja, kila kitu mahali pake.

"Imekubali!" Keyur alipiga kofi mezani.

"Maneno ya sasa ni ya wakati ule nilipokuwa hapa. Papa ajaribu la kwake."

Mzee alikuja, akaandika kwa kidole kimoja, akiwa amekinga kwa mkono wa pili. Ikamkubali. Mbaruku akakubaliwa. Keyur alisimama mbele ya vitufe akikuna kichwa, kumbe alishabadilisha neno lake mara nyingi na la wakati ule amelisahau.

"Yule binti wa Upanga mwenye nywele ndefu," Rinkal alimnong'oneza.

Keyur akaangalia mlangoni kuhakikisha mkewe Alpa hajafika, akaandika, akaingia, uso mwekundu. Benedikta hakuwemo kwa sababu aliajiriwa baadaye. Rinkal alimfungulia jina jipya na kumpa neno la kuanzia. Alimwandika mtu aliyekaa kwenye kiti chake, na alimwandika vizuri, bila kinyongo.

Stakabadhi ya Candida ikatoka kwenye printa kwa makelele, ya kwanza ya mwaka. Pesa yake ya kutanguliza ilikuwemo. Marobota yakaanza kupakiwa. Mama Daksha, mtoto kiunoni, alimlisha Candida penda kwa mkono wake mwenyewe kama mila yao inavyotaka, na Candida akamshika Rinkal begani wakati anatoka. "Mungu akubariki, dada. Wazazi wako wana bahati."




Mzee Harilal alibaki amesimama mbele ya skrini. Keyur alikuwa amefungua orodha ya watumiaji kuhakikisha wote wamo. Harilal. Keyur. Mbaruku. Benedikta. Na kati ya Mbaruku na Benedikta, limerudi pamoja na wenzake kutoka kwenye diski, jina la Rinkal.

Alilitazama kwa muda. Nikwambie ukweli, hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu kwa wote. Aliogopa. Alijua jina hilo likibaki, ataliona kila asubuhi akifungua duka, na iko siku atashindwa, atavaa viatu vyake aende Mchikichini mchana kweupe, na watu wa jumuiya yake, waliomsifu hekaluni kwa msimamo wake, watamwona. Alikuwa mzee. Hakuwa na nguvu ya kuanza upya na watu.

"Hilo moja limezidi," alisema kwa Kiswahili.

Keyur alijua ni lipi. "Papa, nitalishughulikia kesho."

"Leo. Mwaka unaanza leo."

"Liache," Mama Daksha alisema kwa Kigujarati, haraka haraka, mtoto amelala begani mwake. "Nani anaona ndani ya kompyuta? Liache tu likae. Halili, halinywi."

Mzee hakumjibu mkewe. Alimwangalia Rinkal, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Wewe umelirudisha. Wewe liondoe."

Mtu anaweza kutegemea jambo mpaka akasahau kwamba anategemea, na Rinkal kwa muda ule mfupi wa penda na kibembelezo alikuwa ameshapanga moyoni siku ya kuja tena, na nguo atakayomvalisha mtoto. Yote hayo aliyaweka kando. Alisema kwa sauti ya kawaida, ya fundi anayemwelekeza mteja.

"Haiwezekani, Papa. Mimi nimeingia kwa jina hilo. Programu hairuhusu mtu kujifuta mwenyewe. Kuongeza jina naweza, ila anayefuta lazima awe mwenye mamlaka, na mwenye mamlaka ni wewe."

"Keyur atafanya."

"Keyur hana ruhusa hiyo. Safari ile ya kunifuta alitumia neno lako, si ulimpa?" Aliinuka, akampisha kiti. "Mimi natoka. Ingia kwa jina lako."

Keyur aligeuza uso, akaanza kuhesabu mashuka ambayo hakuna aliyemwuliza idadi yake. Mzee Harilal alikaa. Akaandika jina lake, neno lake. Orodha ikafunguka. Alisogeza kile kijistari polepole, Harilal, Keyur, Mbaruku, kikafika. Hapo akakwama. Kidole kikabaki kinazunguka juu ya vitufe, hakijui pa kutua. Kila mtu aliona, na hakuna aliyesaidia. Akasubiri. Mwishowe ilibidi aulize, na aliyejua alikuwa mmoja.

"Kitufe gani?"

Rinkal alikuja akasimama begani mwa baba yake. Alisikia harufu ya mafuta yake ya nywele, yale yale. Akanyoosha kidole.

"Hiki, Papa. Halafu itakuuliza kama una hakika. Unabonyeza hiki cha pili."

Mzee alibonyeza cha kwanza. Kompyuta ikamwuliza. Mama Daksha alianza kulia kwa sauti, bila kujificha, akimkumbatia mtoto aliyelala. Mzee Harilal alikaa na swali lile mbele yake, mdomo umekakamaa, na Mbaruku baadaye aliapa kwamba aliona mkono wake unarudi nyuma.

Kisha akabonyeza cha pili.

Majina ya chini yakapanda juu kuziba nafasi.

"Mpe fundi haki yake," alisema, akainuka, akaenda chooni, akajifungia.

Keyur alimpa dada yake bahasha bila kumtazama machoni. Rinkal aliipokea. Nyumbani kulikuwa na kodi ya chumba inasubiri, na hasira hailipi kodi. Akafungua mikono amchukue mtoto wake. Mama Daksha hakumwachia mara moja. Alimnusa utosini, akamnusa tena, akamrekebisha kofia, akatafuta kingine cha kurekebisha akakosa. Mbaruku ndiye aliyempokea mtoto kutoka upande mmoja akampeleka upande wa pili, kwa upole, macho yake chini.

Mtoto aliamka katikati ya makabidhiano. Akaona sari ya bluu inabaki nyuma, akaanza kulia. Walipotoka mlangoni alikuwa anapiga mayowe, na walipokata kona kuingia Mtaa wa Msimbazi, katikati ya mikokoteni na wauza maji, bado alikuwa amegeukia nyuma juu ya bega la mama yake, mikono yote miwili ameinyoosha kuelekea dukani.

"Nyamaza, mwanangu," Rinkal alimwambia, anatembea haraka, machozi yanamtiririka na watu wanamtazama. "Nyamaza. Si kwetu kule."